Tulipanda miche 500 mwezi wa sita, ikapona 11

Mche wenyewe ulikua wa mkangazi. Niliushika kwa vidole viwili nikauvuta kidogo tu ukaja wote, kiriba chake cheusi hakijatolewa, mizizi imejisokota humo ndani haina pa kwenda na udongo umekauka mpaka unamwagika kama unga. Aliyeupanda aliuchomeka shimoni na nailoni yake, akafukia, akapiga picha, akaondoka. Na sikua na uso wa kumlaumu, maana siku ile mi ndo nlikua nimeshika maiki natangaza jamani tuharakishe mgeni rasmi amefika Msamvu.

Hii ilikua mwishoni mwa mwezi wa kumi 2015, tumetoka likizo ndefu, chuo kimojawapo pale Morogoro ambacho sitakitaja kwasababu haya mambo yapo vyuo vingi tu na wanaosoma hapa wengi watajikuta humu. Nilienda lile eneo na wenzangu wawili tuhesabu miche yetu. Tulipanda 500 tarehe 5 mwezi wa sita, Siku ya Mazingira Duniani. Tulihesabu jioni nzima, tukarudia asubuhi yake kwasababu hatukuamini. Kumi na moja. Na ile kumi na moja yenyewe saba ilikua karibu na bomba lililokua linavuja nyuma ya bweni, na minne ilikua pale maji ya kuoshea vyombo ya mgahawa yanapomwagikia. Yani hamna hata mmoja ulioishi kwa ajili yetu sisi.

Ngoja nieleze tulivyoipanga hiyo siku maana kosa lilianzia mezani, wala halikuanzia shambani. Nlikua fasti yia, klabu ya mazingira wakanipa ukatibu msaidizi. Vikao vilianza mwezi wa pili. Tulijadili tisheti za rangi gani, bango liandikwe nini, mahema mangapi, mziki nani analeta, chakula cha mgeni rasmi na msafara wake, maji ya chupa katoni ngapi, risala nani asome. Miche tulipewa bure na kitalu kimoja kwahiyo kwenye bajeti ilikua sifuri, na kitu kikishakua sifuri kwenye bajeti hakijadiliwi tena. Ndoo hazikuwepo. Mpira wa maji haukuwepo. Jina la mtu atakayemwagilia mwezi wa saba halikuwepo.

Kulikua na mzee mmoja wa bustani, mtu wa pale pale milima ya Uluguru, ameajiriwa kufyeka na kutunza maua. Tulimfuata atusaidie kuchimba mashimo. Akachimba, alafu wakati tunamlipa akasema taratibu tu, "Mwanangu, mwezi wa sita si wa kupanda. Masika imeshaondoka." Nikamwambia mzee hii ni siku ya dunia nzima, tarehe hatupangi sisi. Akanyamaza, akachukua jembe lake.

Alikua sahihi kabisa na mtoto yeyote wa mkulima anajua. Morogoro masika inaanza mwezi wa tatu inakwisha wa tano. Mwezi wa sita ardhi ndo inaanza kukauka, unakuja wa saba na wa nane upepo mkavu, wa tisa ndo usiseme, mpaka vuli ianze wa kumi na moja au ichelewe zaidi. Alafu angalia ratiba ya chuo: mwezi wa sita wote tuko kwenye maandalizi ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula, wa saba tunafanya mitihani, tunafunga, tunarudi kwetu Mbeya, Mwanza, Tanga, Songea. Kwahiyo tulichukua mche mchanga tukauweka ardhini siku ambayo mvua inaondoka na sisi tunaondoka. Hakuna uchawi hapo wala mchwa wa ajabu, ni hesabu.

Siku yenyewe ilikua ya kupendeza, nisiseme uongo. Mgeni rasmi alichelewa masaa matatu, miche ikakaa juani kwenye matoroli. Alipofika akapewa jembe jipya, akapanda mti wake kwenye shimo lililoandaliwa vizuri lenye samadi, akanawishwa mikono. Baada ya hapo watu karibu 200 wakakimbilia mashimo yaliyobaki maana chakula kilikua kinanukia. Hakuna aliyewaambia watoe viriba. Nlidhani kila mtu anajua. Wengine walikua wanasoma uhasibu, wengine sheria, wangejulia wapi?

Kinachoniuma zaidi ni ripoti. Tuliporudi tukakuta hali hiyo ikaitwa kamati, na mjadala haukua miti imekufaje, ulikua tuwaandikie nini waliotuchangia. Ikaamuliwa tuandike "miche 500 ilipandwa", maana kweli ilipandwa. Mi ndo niliandika. Kila neno la ile ripoti lilikua kweli na ripoti nzima ilikua uongo, na walioisoma walitupongeza wakaahidi kutuchangia tena mwaka unaofuata. Nimeibeba hiyo barua miaka yote hii.

Tukatoka kwenye ile kamati watu sita hatuna raha. Hatukugombana na mtu, tulikaa tu chini ya mti wa mkungu ulioko karibu na maktaba tukawa tunaongea mpaka giza likaingia, mmoja akasema tukutane tena Alhamisi. Hicho kikao cha Alhamisi saa kumi jioni ndo kimenifundisha kuliko semina zote nilizohudhuria nikapewa cheti na begi. Hakikua na jina, watu walikiita "mkunguni" tu. Masharti yalikua mawili na yalikuja yenyewe: hamna slaidi, na ukitaka kuongea leta kitu ulichokiona kwa macho yako wiki hiyo. Wiki ya tatu tukamwita mzee wa bustani. Aligoma kidogo, akasema mimi darasa la saba nitaongea nini na nyie, tukamwambia mzee shikamoo, wewe ndo ulitwambia kuhusu mwezi wa sita. Akaja, na hakuacha kuja.

Mada iliyotuvuta wengi ilikua ya chura wa Kihansi. Kama huifahamu, ni chura mdogo sana, anatosha kwenye ukucha wa kidole gumba, wa njano, alikua anaishi sehemu moja tu duniani, korongo la mto Kihansi kule Udzungwa, kwenye ule mvuke unaorushwa na maporomoko. Hatagi mayai nje, anazaa vitoto vilivyokamilika. Wanasayansi walimjua mwaka 1996, wakati mradi wa umeme wa Kihansi ushaanza kujengwa. Mradi ni wa megawati 180, na maji yalipoelekezwa kwenye mitambo mvuke ukapungua vibaya sana korongoni. Mwaka 2000 wakachukuliwa chura wapatao 500 wakapelekwa Marekani kutunzwa. Kule korongoni waliwekewa mabomba ya kunyunyiza maji, ikasaidia kwa muda, alafu mwaka 2003 wakafa kwa kasi, na ugonjwa wa kuvu unaoua vyura ukakutwa kwao. Mwaka 2009 ikatangazwa rasmi ametoweka porini, na 2012 wakaanza kurudishwa nyumbani.

Mara ya kwanza mdahalo ulikua chura au umeme, na watu walipiga kelele kweli kweli, jamaa mmoja wa uhandisi alisimama akasema kwao wanasomea kibatari na hawezi kumwambia mama yake asubiri chura. Hakuna aliyeweza kumjibu na haikufaa kumjibu haraka haraka. Alhamisi iliyofuata mzee wa bustani, ambaye alikua amenyamaza wiki nzima, akauliza swali moja: "Kwani kabla ya kujenga walikaa muda gani pale korongoni wakaangalia?" Swali likageuka, tukaacha kuuliza nani afe, tukaanza kuuliza ni nani aliangalia, lini, na alisikilizwa na nani. Mi hilo swali nimelitumia kazini mpaka leo, ukipeleka mradi wowote mahali, umekaa muda gani ukaangalia?

Kwenye vuli ya 2015 hiyo hiyo dada mmoja aliyekua anasoma mambo ya udongo alileta chupa tatu. Chupa za kawaida za maji, kachota mto Ngerengere baada ya mvua kubwa. Ya kwanza kaichota juu mlimani kabla ya mashamba, ya pili katikati ya mashamba, ya tatu karibu na mto unapoingia bwawa la Mindu ambalo ndo linanywesha sehemu kubwa ya mji wa Morogoro. Akazipanga kwenye saruji akasema tusiziguse, tuendelee na maongezi yetu. Tukaongea kama saa nzima, kila mtu jicho liko kwenye chupa. Ya kwanza ilibaki karibu vile vile, majani majani kidogo. Ya pili tope likaanza kutua. Ya tatu tope lilikaa chini unene wa kidole na nusu, maji ya juu yake rangi ya chai ya maziwa. Hakutoa hotuba. Alisema tu, hili ni la chupa moja. Kuna wenzetu walikua wanalalamika kila siku maji ya bomba yanakatika hosteli, jioni ile ndo waliona yanakokatikia.

Basi tukapata moto, tukasema tupande juu tukawaambie wakulima. Na hapa ndo tulikosea kwa mara ya pili, tofauti na mara ya kwanza lakini kosa ni ndugu yake.

Mwezi wa tatu 2016, masika imeanza, safari hii mwezi tulipata sawa. Tukachanga kutoka kwenye bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, tukapanda gari mpaka Mkuyuni alafu bodaboda na miguu, kijiji kimoja upande wa mashariki wa milima. Kule ndo yanakoanzia maji ya mto Ruvu, yanayonywewa Kibaha na Dar es Salaam. Tumebeba mikangazi na mikenge, tunataka wapande kwenye mashamba ya mteremko, na tuwafundishe matuta. Mwenyekiti wa kijiji akatukaribisha vizuri, watu wakaja, wakasikiliza kwa adabu zote, wakapiga makofi. Wakati wa kugawa miche wanaume wanashika mmoja mmoja tena kama wanaona aibu, wengine wanaiacha pembeni ya ofisi. Nikakasirika moyoni, nikasema hawa watu hawajali.

Mzee mmoja mtu mzima sana akaniita nikae naye kwenye mkeka. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza kwetu wapi, akaniuliza umri wangu, alafu ndo akaanza. Akasema, "Binti yangu, habari ya matuta hapa usiianze hivyo." Baba yake alilimishwa matuta na serikali ya mkoloni, siku kadhaa za kila wiki, kwa lazima, asiyeenda anapelekwa barazani kushitakiwa. Ule ulikua ni mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru wa miaka ya 1950. Matuta yale ya ngazi yalikua yanachimbuliwa mpaka udongo wa chini usio na rutuba unakuja juu, mahindi yanatoka ya njano. Watu walivumilia, mwaka 1955 ikawa vurugu kubwa upande wa Matombo na mpango ukafa. Akasema baba yake mpaka anakufa akiona mtu wa serikali ameshika kamba ya kupimia anaingia ndani. Mi nlikua nimeshika kamba ya kupimia.

Sio kwamba Waluguru hawajui kuzuia udongo. Nenda Mgeta, huko huko Uluguru, uone mbogamboga zilivyopangwa kwenye ngazi mlima mzima. Ukiwa na kitu kinacholipa na hakuna anayekulazimisha, ngazi unaijenga mwenyewe.

Alafu la pili, hili ndo sikulitegemea kabisa. Nilimuuliza na miti je, mbona wanaume hawachukui? Akacheka kidogo akasema, wewe umeuliza shamba ni la nani? Kule ardhi inafuata ukoo wa mama. Mwanaume ameoa, analima shamba la ukoo wa mke wake. Mahindi apande, mihogo apande, hakuna neno, vinavunwa vinaisha. Lakini mti ni mambo mengine, mti unakaa miaka, mwanaume akipanda mti kwenye shamba la ukoo wa mkewe wajomba watamuuliza anataka nini, maana mti ni kama kusema hapa ni pangu. Kwahiyo wale tuliokua tunawaona hawajali, walikua wanaepusha ugomvi kwenye ndoa zao. Na wakinamama ambao ukoo wao ndo wenye ardhi walikua wamekaa nyuma kabisa na watoto mgongoni, hatukuwapa hata mche mmoja.

Tulirudi kimya kwenye lile gari. Alhamisi ile mkunguni hatukua na mada, tulieleza tu tulichokiona, kila mmoja kwa zamu, na mzee wa bustani akatwambia, "Sasa mmeanza kuangalia."

Tukarudi kijijini mara mbili bila kubeba chochote. Hii ilikua ngumu kuliko unavyofikiri, maana klabu ilitaka picha na picha za watu wamekaa kwenye mkeka wanaongea hazina mvuto. Wakinamama wakasema wao wanataka mikarafuu. Ukanda ule karafuu inakubali, pia mdalasini na pilipili manga, na mtu ana sababu ya kuutunza mti kwasababu utamlipa ada ya shule. Sio mti wa msitu wa asili, najua, kuna mwenzetu wa wanyamapori alipinga sana, akasema mkarafuu hauwezi kuwa msitu na ndege hawatarudi kwa karafuu. Ana hoja, na hatukumaliza kubishana. Lakini mizizi inashika mteremko, na anayeutunza yupo.

Mzee wa bustani akaotesha nyuma ya stoo. Mbegu ya karafuu haisubiri, ikikauka imekufa, kwahiyo tulizisafirisha kwenye majani ya mgomba yenye unyevu usiku usiku. Vuli ya 2016 tukapeleka miche 60 tu, kaya 12, mitano mitano. Kabla ya hapo kila mama alikaa na mjomba wake na ukoo, sisi tukiwa hatupo, hatukuingia hicho kikao wala hakikutuhusu. Miche ikapandwa chini ya migomba, maana mkarafuu mdogo jua kali linauunguza. Na kila kiriba nilikitoa mimi mwenyewe kwa wembe, vyote sitini, hakuna aliyenisaidia kwasababu nilikataa.

Baada ya miaka miwili ilikuwepo 38. Ishirini na miwili ilikufa, mingine kwa jua, mingine mbuzi, kaya moja ukoo ulibadili mawazo ukaing'oa. Tuliandika yote kwenye daftari, na ripoti ya safari hii ilisema 38 kati ya 60 na sababu za kila mmoja. Hatukupongezwa sana. Mwaka 2023 mama mmoja alinitumia picha ya matumba ya kwanza kwenye simu ya mwanae, kaandika "yameanza", basi.

Kuna jambo moja hatukulitatua vizuri na nalisema kwa wanaoongoza vikundi vya vyuo saivi. Mwanafunzi wa kozi nyingi ana miaka mitatu. Wa kwanza anajifunza, wa pili anafanya, wa tatu ana risachi na anatafuta kazi. Mti hauijui hiyo kalenda. Nlipomaliza 2017 mkunguni pakafa mwaka mzima, kimya, mpaka mzee wa bustani alipowafuata fasti yia kwenye foleni ya usajili akawaambia kuna kikao Alhamisi. Kama sio yeye, aliyekua analipwa kufyeka nyasi, hicho kitu kisingekuwepo leo. Kwahiyo mkianzisha kikundi tafuteni mtu asiyehitimu. Mlinzi, mpishi, mtu wa maktaba, mama anayeuza maandazi getini, mtu ambaye atakuwepo mwezi wa nane. Muwekeni kwenye kikao kama mwanachama kamili na mumpe namba za simu za watu wa kijijini, asiwe wa kuchimbishwa mashimo tu.

Mwezi wa tano mwaka huu katibu wa sasa wa klabu alinipigia. Kijana mwenye heshima sana, dada shikamoo, tunaomba mchango wa tisheti na mahema, tarehe 5 tunapanda miche 1,000. Nikamuuliza nani atamwagilia mwezi wa saba. Akakaa kimya kidogo. Nikamwambia tarehe 5 fanyeni mdahalo, okoteni taka, imbeni, leteni chupa za maji ya mto mzipange mbele ya mgeni rasmi akae nazo saa nzima, ila miche iacheni kitaluni mpaka vuli. Nikamtumia hela, nikaandika kwenye muamala kwamba ni ya madebe na mpira wa maji, tisheti hapana. Jioni akanijibu kwamba ameshaongea na mzee wa bustani, na watalipeleka Alhamisi.